Thaimu ya porini, mrumbasha na kichupa cha elfu kumi na tano

*Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji. Mdogo ana miaka miwili na miezi minne, leo ni siku ya tano anakohoa, kikohozi cha makohozi, mafua yapo, usiku ndiyo zaidi. Kuna kaka anapita mitaani anauza majani makavu anayoyaita thaimu ya porini, pakiti elfu mbili, na mafuta yake kichupa kimoja elfu kumi na tano. Anasema ndani yake kuna kemikali inaitwa thaimoli, inaua bakteria wote, ni antibayotiki ya asili isiyo na madhara, inatibu nimonia, malaria na minyoo. Nimeshanunua vyote viwili. Ameniambia nimpe mtoto matone matano kwenye kijiko cha asali asubuhi na jioni, na mengine nimpake kifuani. Mama mkwe anasema nimepoteza hela, eti hiyo ni mrumbasha tu, tunao nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe anakunywa chai yake tangu mwezi uliopita kwa ajili ya kifua, inampa nafuu kidogo. Mimi nina mimba ya miezi mitano na ninalala na mtoto kitanda kimoja. Nani mkweli? Na nikimpa, nimpe kiasi gani?*

Marahaba, mama. Mimi ni mfamasia, si daktari, ila swali lako huja dirishani kwangu hapa Kigoma mjini karibu kila msimu wa mafua, limebadilisha nguo tu: leo thaimu, juzi mlonge, kabla yake mafuta ya mkaratusi. Nitajibu kwa urefu, maana umeuliza mambo matatu, na la nne umelitaja kwa kupita bila kuliuliza. Hilo la nne nitalirudia mwishoni, na ndilo lililonifanya nisichelewe kukuandikia.

La haraka kwanza. Kichupa kile usimpe mtoto. Si matone matano, hata tone moja. Kiweke juu asikokifikia. Halafu leo hii, mtoto akiwa ametulia, halii wala hajatoka kukimbia, mpandishe fulana mpaka makwapani, ushike simu yenye saa, uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hupumua kwa kupepesuka: haraka kidogo, polepole kidogo. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni pumzi za haraka, na mtoto anayekohoa na kupumua haraka tunamhesabu ana nimonia hadi mhudumu amwone. Tazama pia chini ya mbavu. Akivuta hewa, pale pakibonyea kwenda ndani badala ya kutanuka, usingoje kesho. Vivyo hivyo akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Nimonia ya bakteria kwa mtoto ina dawa yake, mara nyingi amoksilini ya kidonge cha kuyeyusha kwenye maji. Haina mbadala wa majani, na inaua upesi ikicheleweshwa.

Kama hakuna hata kimoja cha hayo, basi vuta kiti tuzungumze mimea.

Thaimu ni mmea mdogo wa ukoo mmoja na mnanaa, mrehani na huo mrumbasha wenu. Ukoo huo unautambua hata kwa vidole: chukua kijiti cha shina bichi, kiviringishe kati ya dole gumba na kidole cha shahada, utasikia pembe nne. Thaimu ya bustani, ile inayouzwa kwenye vichupa vya viungo, asili yake ni nchi za kandokando ya bahari ya Mediterania. Ile ambayo wenyewe Ulaya huiita ya porini ni ndugu yake anayetambaa chini kwenye miteremko yenye mawe, na jina lake la kitaalamu ni Thymus serpyllum. Barani kwetu, upande huu wa mashariki, thaimu za porini zinazotajwa sana ni za Ethiopia, Thymus schimperi na Thymus serrulatus. Zinaota nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji huzinywa kama chai na kuzitia kwenye chakula. Sisi hapa ziwani tuko mita mia saba na sabini na kitu, na saa tatu asubuhi shati limeshalowa jasho. Kwa hiyo kama kaka yule amekwambia ameyachuma milima ya Buhigwe, humuhumu mkoani kwetu, muulize tena taratibu.

Halafu hilo neno "porini". Limekuwa neno la biashara, kana kwamba kilichoota chenyewe lazima kiwe na nguvu kuliko kilichopaliliwa. Kwa thaimu ni kinyume. Kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Ulaya kinataka majani ya thaimu ya bustani yawe na mafuta ya kunukia yasiyopungua mililita 12 kwa kilo moja. Kwa thaimu ya porini kiwango cha chini ni mililita 3. Robo.

Mafuta hayo ya kunukia ndiyo yenye hiyo thaimoli uliyoambiwa. Ukilitazama jani bichi kwa kioo cha kukuzia, utaona juu yake vitone vinavyong'aa kama jasho kwenye pua ya mtu aliyekula pilipili. Ni vifuko vya mafuta. Ukilisugua jani vinapasuka, ndipo harufu inakupanda puani. Ndani ya kifuko kuna mchanganyiko wa kemikali nyingi, lakini katika thaimu ya kawaida wakubwa ni wawili, thaimoli na kavakroli, wakifuatana na saimini na terpinini, na hiyo terpinini ndiyo mmea huitumia kama malighafi ya kuwatengeneza hao wakubwa. Thaimoli ikitolewa peke yake ni punje nyeupe kama sukari, na huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi za joto. Mkemia wa Kijerumani, Caspar Neumann, aliitenga kutoka kwenye mafuta ya thaimu mwaka 1719, kwa hiyo si siri iliyogunduliwa jana na wauzaji wa Mwanga hapa mjini. Chembe moja yake ina kaboni 10, haidrojeni 14 na oksijeni 1. Kavakroli ina hesabu hiyohiyo kamili, ila oksijeni imehamia kona nyingine. Ni nyumba mbili zenye vyumba sawasawa, moja mlango uko mbele, nyingine uko ubavuni. Badiliko dogo hilo tu, na kavakroli ikawa kimiminika kwenye joto la kawaida la chumbani, mwenzake ni punje.

Kuna na kundi la pili ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu halinuki: asidi ya rosmarini na jamii ya flavonoidi, kama luteolini. Haya hayamo kwenye kichupa chako hata kidogo. Mafuta hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani. Kinachoruka na mvuke ndicho kinachoingia chupani, kisichoruka kinabaki na makapi. Ukitengeneza chai, unapata kundi lisilonuka kwa wingi na mafuta kidogo. Ukinunua kichupa, unapata mafuta matupu. Kwa hiyo chai na kichupa si dawa moja iliyo nyepesi na nzito. Ni vitu viwili tofauti vilivyotoka kwenye jani moja.

Sasa mama mkwe wako. Hajakosea kama unavyodhani. Mimea ya ukoo huu ina tabia ya kuwachanganya wataalamu: sura moja, jina moja, kemia mbalimbali. Kusini mwa Ufaransa thaimu ya aina ileile imeonekana kuwa na koo sita za kemia. Kilima hiki thaimoli imetawala, kilima cha pili haimo kabisa na mahali pake kuna kitu chenye harufu ya maua. Mrumbasha wetu, Ocimum gratissimum, uko hivyohivyo. Upo ambao mafuta yake ni thaimoli kwa wingi, kama thaimu yenyewe. Upo ambao umejaa yujenoli, ambayo ndiyo inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake na ndiyo inayotia ganzi jino. Nenda nyuma ya nyumba, sugua jani, unuse. Likikukumbusha pilau na jino bovu, uko kwenye yujenoli. Likikupiga kwa ukali wa dawa ya kusukutua mdomo, thaimoli inakaribia. Pua si maabara, na siwezi kuapa juu ya kichaka chenu bila kupima, lakini pua ya mama aliyepika miaka arobaini haidanganyiki kirahisi. Alichosema ni kwamba umenunua ulichonacho, na inawezekana kabisa.

Tuje kwenye dai kubwa, kwamba inaua bakteria wote. Kwenye kisahani cha maabara, thaimoli inaua bakteria wengi kweli. Bakteria amezungukwa na utando mwembamba wa mafuta unaozuia vitu vya ndani visimwagike. Thaimoli hupenda mafuta kuliko maji, inajipenyeza kwenye ule utando, unalegea na kutoboka, chumvichumvi za ndani zinavuja, bakteria anakufa. Ndiyo sababu inatiwa kwenye baadhi ya dawa za kusukutua mdomo. Pale inamgusa bakteria uso kwa uso.

Lakini mapafu ya mwanao hayako mdomoni. Ili thaimoli iliyomezwa ifike huko, lazima ipite tumboni, ukutani mwa utumbo, kwenye ini, ndipo iingie kwenye mzunguko wa damu. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ambamo watu wazima 12 wenye afya walipewa kidonge chenye dondoo la thaimu lenye thaimoli kama miligramu 1. Damu yao ilipopimwa, thaimoli huru haikuonekana kabisa. Iliyoonekana ni ile ambayo mwili umeshaifunga pingu, umeibandika salfeti ili itolewe kwa mkojo, na kilele chake kilikuwa kama nanogramu 93 kwa mililita ya damu. Kuua bakteria kwenye kisahani kunahitaji mamia ya mikrogramu kwa mililita. Hesabu yake ni kwamba damuni kuna upungufu wa mara elfu kadhaa, na hicho kidogo kilichopo kimefungwa pingu. Utasema basi tuongeze dozi. Utaongeza mpaka ini, tumbo na ubongo vilalamike, na bado bakteria wa kwenye pafu hajapata habari.

Hili la kuongeza dozi limewahi kujaribiwa, si kwa mapafu bali kwa minyoo, na hapa muuzaji wako anagusa historia bila kujua. Mwanzoni mwa karne iliyopita thaimoli ilikuwa ndiyo dawa ya minyoo ya safura. Kusini mwa Marekani, kati ya mwaka 1909 na 1914, ilitolewa kwa watu wengi sana kwenye kampeni kubwa ya kufuta safura. Ilifanya kazi kwa sababu mnyoo anakaa utumboni; dawa inamkuta njiani kabla haijaingia damuni. Lakini walipewa kwa gramu, si kwa miligramu, na madaktari walikuwa na masharti: usile mafuta siku hiyo, usinywe pombe, na baadaye unapewa chumvi ya kuharisha ili dawa itoke. Vyote hivyo ni kwa sababu thaimoli ikinyonywa na mwili kwa wingi ni sumu, na mafuta na pombe huisaidia kunyonywa. Ikaachwa zilipopatikana dawa salama zaidi. Leo watoto wetu shuleni wanapewa albendazo, kidonge kimoja cha kutafuna, basi.

Kwa malaria sina maneno mengi. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini. Mtoto akichemka, apimwe kwa kile kipimo cha tone la damu kidoleni, na akiwa nayo apewe dawa mseto. Thaimu haihusiki.

Je, basi haina kazi? Inayo, na hapa nisiwe mchoyo. Kwa kikohozi cha mafua chenye makohozi, thaimu ni moja ya mimea michache ambayo ninaweza kuitetea mbele ya daktari. Nchi za Ulaya zinaikubali kama dawa ya jadi ya kulegeza makohozi. Majaribio ya maabara yanaonyesha inalegeza misuli iliyobana njia ya hewa, na inavisaidia vile vinyweleo vidogo mno vya kooni vinavyosukuma makohozi kwenda juu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani wa watu wazima 361 wenye kikohozi cha aina hiyo. Waliokunywa sharubati ya thaimu iliyochanganywa na mmea mwingine unaotambaa ukutani walipungukiwa vipindi vya kukohoa kwa takriban asilimia 69 ilipofika siku ya 7 hadi 9. Waliokunywa sharubati tupu isiyo na dawa walipungukiwa kwa takriban asilimia 48. Zitazame hizo namba zote mbili. Ya kwanza inasema dawa ilisaidia. Ya pili inasema karibu nusu ya kikohozi kiliondoka chenyewe, kwa maji matamu. Na walikuwa watu wazima, kwa sharubati iliyopimwa kiwandani, yenye mimea miwili. Hakuna humo mtoto wa miaka miwili wala matone ya mafuta kwenye asali.

Twende sasa kwenye hayo matone, maana ndipo hatari ilipo. Chukua kile kiwango cha mililita 12 kwa kilo. Maana yake, mililita moja ya mafuta imetoka kwenye gramu 83 za majani makavu. Mililita moja ina matone 20 hadi 25, kwa hiyo tone moja limebeba mafuta ya gramu 3 au 4 za majani. Kikombe cha chai cha mtu mzima huwekwa gramu 1 hadi 2, na si mafuta yote yanayotoka, mengine yanapotea na mvuke. Tone moja, basi, linazidi mafuta ya vikombe viwili vya mtu mzima. Na kama ni ya porini kweli, yenye mililita 3 kwa kilo, tone moja limekusanya gramu 13 na zaidi. Matone matano mara mbili kwa siku ni kumi. Huyo ni mtoto ambaye hata kilo 15 pengine hajafika.

Tena si suala la tumbo tu. Mafuta haya ni mepesi na makali. Mtoto anayekohoa akipaliwa nayo, yakateremkia kwenye njia ya hewa, yanaunguza pafu lenyewe na kuleta nimonia ya kemikali ambayo antibayotiki haiitibu. Umempa dawa ya kifua, umemwongezea ugonjwa wa kifua. Akishayameza kwa bahati mbaya usimtapishe, maana akitapika ndipo anapopaliwa; mkimbize hospitali na kichupa mkononi. Kupaka nako, mafuta haya yasiyochanganywa huunguza ngozi. Thaimoli na kavakroli ni fenoli, na fenoli na ngozi ya mtoto havielewani. Wanaofahamu kazi hiyo huyachanganya yasizidi asilimia moja, na bado si kwa watoto wadogo namna hii. Na kwa kuwa mnalala kitanda kimoja, mvuke wake usiku kucha utakuwa puani kwake na kwako.

Nikueleze na kichekesho. Mwaka jana mama mmoja aliniletea kichupa kama chako, kifuniko cheusi, karatasi imebandikwa upande. Nilikifungua, harufu ipo, ya mbali. Nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake tone la mafuta ya alizeti, nikaandika kwa kalamu A na B, nikaziacha dirishani. Mafuta halisi ya kunukia huruka. Kesho yake karatasi inakuwa imekauka, labda alama hafifu tu. Asubuhi nilikuta A na B ni mapacha, doa limeenea, ukiinua karatasi unaona mwanga upande wa pili. Alikuwa amenunua mafuta ya kupikia yaliyonusishwa thaimu, kwa bei ya lita kadhaa. Kwa mtoto wake, huyo tapeli alikuwa na huruma kuliko muuzaji mkweli.

Kwa hiyo kwa mwanao nini? Kama amepita kile kipimo cha pumzi, ana mafua ya kawaida, na yatachukua wiki moja hadi mbili kuisha na makohozi yake. Maji ya uvuguvugu mara kwa mara, maziwa, uji mwepesi. Pua ikiziba, tone la maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Na asali, ambayo kwake ina ushahidi kuliko thaimu: nusu kijiko cha chai kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha usiku. Ameshapita mwaka mmoja, kwa hiyo ni salama. Chini ya mwaka mmoja ni marufuku kabisa. Ukipata ya Tabora, ya Sikonge kule kwenye miombo, hata mimi nitakuomba kijiko. (Kwa kuwa tumezitaja asali na thaimoli pamoja: wafuga nyuki wa Ulaya huitumia thaimoli mzingani kuua utitiri unaonyonya nyuki. Kila kitu na mahali pake.)

Chai ya thaimu kwa umri wake siipendekezi. Miongozo ya Ulaya, wenye mmea wao, haiwashauri watoto chini ya miaka minne bila ushauri wa daktari, si kwa sababu imeonekana kuwaua bali kwa sababu hakuna aliyewapima vya kutosha. Na majani uliyonunua hatujui ni nini. Kumfunika blanketi na sufuria ya maji ya moto hapana. Mwaka 2020 na 2021 nusu ya nchi ilijifukiza, na mtoto wa miaka miwili chini ya blanketi na sufuria ichemkayo ni ajali inayosubiri kupewa jina.

Wewe mwenyewe, kwa hiyo mimba, thaimu ya kutia kwenye mchuzi haina neno, wala jani la mrumbasha kwenye chai siku moja moja. Kunywa kila siku kama dawa, acha. Mafuta, hata kwa kunusa kwa makusudi, acha mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha. Na kama kuna mtu nyumbani anameza dawa za kuzuia damu kuganda, au mnanaa na mrehani humwasha mwili, huyo naye asiguse.

Muuzaji nisimseme sana, anatafuta riziki. Ila sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake linasajili waganga na dawa zao. Muulize namba ya usajili. Mwenye nayo huitoa kabla hujamaliza swali.

Nimebaki na lile la nne, mama. Mama mkwe anakunywa chai ya kifua "tangu mwezi uliopita". Umeliandika kama ushahidi wa mrumbasha, mimi nimelisoma kama habari. Kwa nchi yetu, mtu mzima akikohoa wiki mbili au zaidi, hatumwongezei chai, tunampima makohozi kwa kifua kikuu. Huenda sicho. Inaweza kuwa pumu, moshi wa kuni wa miaka mingi, moyo, mambo mengi. Lakini hiyo "nafuu kidogo" ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa chai inayolegeza makohozi humpa mgonjwa wa kifua kikuu nafuu kidogo kila siku, na kila siku anaahirisha. Chunguza bila kumhoji: shuka lake linalowa jasho usiku? Kanga anaifunga mara mbili pale alipokuwa akiifunga mara moja? Chakula anakisukuma? Damu kwenye makohozi ikionekana, hakuna kusubiri wiki.

Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya Serikali. Ikithibitika, mtoto wako, kwa kuwa yuko chini ya miaka mitano na anaishi na bibi yake, atachunguzwa, na akikutwa hana ugonjwa atapewa dawa ya kinga. Wewe nawe utachunguzwa, na uwaambie kwamba ni mjamzito. Kikohozi cha mtoto cha siku tano kinaelekea zaidi kuwa mafua, lakini mhudumu anapaswa kukijua kile cha bibi ili akipime cha mjukuu kwa macho mengine.

Najua mkwe hamwambii mama mkwe "twende ukapimwe kifua kikuu" pale sebuleni. Mwachie mwanawe alitamke. Au fanya hivi: mwambie unampeleka mtoto kliniki, mimba imekuchosha, huwezi kumbeba peke yako, akusindikize. Hakuna bibi wa Ujiji atakayekataa hilo. Mkishafika, mnong'oneze nesi wa mapokezi kwamba na bibi anakohoa tangu mwezi uliopita. Wanajua la kufanya, watampa kikopo cha makohozi na kumwelekeza pa kukaa. Nendeni asubuhi na mapema, foleni ikiwa fupi. Mkirudi piteni dirishani kwangu, na kichupa uje nacho. Karatasi ninayo.